Wakristo wasiopiga kura, na wale wanaosema tu kwamba siasa ni chafu

Uchaguzi ukikaribia, kundi la WhatsApp la kwaya yetu huwa linapata mjadala uleule. Mmoja anatuma picha ya kadi yake mpya ya mpiga kura. Mwingine anamjibu kwa aya, Yohana 18:36: "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu." Wa tatu anaweka kikatuni cha mikono inayosali, kisha mwenyekiti anaingia na kutuomba tusichanganye dini na siasa, turudi kwenye ratiba ya mazoezi. Basi, yameisha hadi baada ya miaka mitano.

Mimi napiga kura. Nimelelewa Mmoraviani, Mbeya, na sijawahi kuona dhambi ndani ya kile kituturi cha kupigia kura. Lakini Wakristo wenzangu wasiopiga kura nimewatazama kwa muda mrefu, nikabishana nao, na mwisho nimejikuta nawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza nawaheshimu hata tusipokubaliana. La pili, hapana. Na bahati mbaya fungu la pili ndilo limejaa kwenye mabenchi yetu.

Nianze na la kwanza. Shangazi yangu ni Shahidi wa Yehova, anauza vitenge sokoni Mwanjelwa. Uchaguzi wa 2015 ulifanyika Jumapili, tarehe 25 Oktoba, na kesho yake soko zima lilikuwa linaangaliana vidole. Wino ule hautoki kwa sabuni ya kawaida, kwa hiyo mtu akikupa noti tu, unajua alikuwa wapi jana. Mwaka ule mambo yalikuwa moto, Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, na CCM hawapikiki chungu kimoja, na Mbeya mnaijua ilivyo. Nilikaa dukani kwake asubuhi hiyo. Kila mteja aliyepimiwa kitenge aliona kidole kile cheupe kikivuta kitambaa kwenye futi, na wengine hawakujizuia. "Shangazi, wewe umetuangusha." Yeye anaendelea kupima. "Mimi serikali yangu ninayo tayari, mwanangu. Mita ngapi?"

Ushuru wa soko analipa bila kukumbushwa, leseni yake imebandikwa ukutani, na mwenyekiti wa mtaa akipita anakaribishwa kiti. Serikali kwake si adui. Anasoma Warumi 13, pale Paulo anaposema tuwatii wenye mamlaka, kama tunavyoisoma sisi. Anachokataa ni kuichagua, kuipigia debe, kuvaa fulana yake au kuimba sifa zake. Hoja yake ameitoa 2 Wakorintho 5:20, pale Paulo anaposema sisi tu wajumbe kwa ajili ya Kristo. Mjumbe wa nchi moja aliyetumwa nchi nyingine anaheshimu sheria za kule, anasimamisha gari taa ikiwaka nyekundu, analipa bili ya maji, ila siku ya kura anakaa nyumbani kwa sababu ule uchaguzi si wake. Kwa shangazi, Ufalme wa Mungu ni serikali kamili yenye Mfalme na sheria, ambayo ameshaapa kuitii. Ukikubali msingi huo, mengine yote yananyooka. Mimi msingi wenyewe ndio unaonishinda, lakini siwezi kusema hakufikiri.

Na wala Mashahidi hawakuwa wa kwanza. Februari 1527, katika mji mdogo wa Schleitheim kule Uswisi, Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, walikaa wakaandika ibara saba za imani yao. Ya sita ilihusu upanga. Ilisema upanga wa dola umewekwa na Mungu, sawa, lakini nje ya ukamilifu wa Kristo, na kwa hiyo Mkristo asiwe hakimu wala mtawala. Ushahidi wao mmoja ni Yohana 6, watu walipotaka kumfanya Yesu mfalme naye akajitenga. Michael Sattler, aliyeongoza kikao kile, alikamatwa. Mei ya mwaka huohuo, mjini Rottenburg, alikatwa ulimi na kuchomwa moto, na mkewe akazamishwa mtoni. Wamennonite wametoka kwenye ukoo huo wa imani, na mwaka 1934 wamisionari wao walifika Shirati, mkoa wa Mara wa leo. Nenda Musoma sasa umtafute Mmennonite anayeona kura ni dhambi. Utatembea sana.

Karibu zaidi na kwetu, barabara ya kutoka Mbeya kwenda Makambako, kuna Hospitali ya Misheni ya Chimala, ya Makanisa ya Kristo. Wengi tumetibiwa pale bila kujua kwamba makanisa hayo, huko kusini mwa Marekani, yaliwahi kuwa na mwalimu mkubwa aliyeikataa kura moja kwa moja, David Lipscomb wa Nashville. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilimkuta akiwa mhubiri. Akashuhudia ndugu waliokuwa wakimega mkate pamoja wakienda kupigana risasi, huyu upande wa Kaskazini, yule Kusini. Baada ya hapo akafundisha kwamba kura ni ahadi. Ukimweka mtu madarakani umempa upanga, na siku akikuambia twende tukautumie huna tena mahali pa kujificha. Kama huko tayari kuua kwa ajili ya serikali, usishiriki kuisimika. Makanisa hayo kwa sehemu kubwa yaliiacha hoja hiyo baadaye, lakini mimi bado inaninyima usingizi, kwa sababu ni kweli kwamba kila sheria, hata ya ushuru wa mchicha, mwisho wake kuna askari.

Sasa Malawi, maana ndiko mambo haya yalikopimwa kwa moto, na kutoka Mbeya si mbali. Unashuka Kyela, unavuka Mto Songwe, umefika.

Baada ya uhuru wa 1964, Dakta Hastings Kamuzu Banda alitaka kila Mmalawi awe na kadi ya chama chake, Malawi Congress Party. Kadi yenyewe iliuzwa kwa senti chache tu. Vijana wa chama walisimama sokoni, vituo vya basi, hata njia ya kwenda hospitali, wanaikagua. Huna kadi, hupiti. Mashahidi walikuwa wakilipa kodi ya serikali, hilo halikubishaniwa, lakini kadi walikataa. Banda mwenyewe alikuwa mzee wa Kanisa la Uskoti, na hakuona ugumu wowote wa mtu kuwa Mkristo na kubeba kadi yake. Oktoba 1967 Mashahidi wakapigwa marufuku. Mwaka 1972 mkutano mkuu wa chama ukapitisha azimio kwamba wafukuzwe kazini, wazuiwe biashara na kilimo, waondolewe vijijini. Vijana hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nyumba zilichomwa, watu walipigwa, wanawake walibakwa, wengine waliuawa.

Kama watu 20,000 walikimbilia mashariki mwa Zambia, wakawekwa kambi ya Sinda Misale, ambako watoto wengi walikufa kwa maji mabaya. Kabla mwaka haujaisha walirudishwa Malawi, wakakuta hali ileile, wakakimbilia Msumbiji iliyokuwa bado chini ya Wareno. Mwaka 1975 Frelimo, chama cha ukombozi, wakachukua nchi. Nao Frelimo walitaka watu waseme "Viva Frelimo". Mashahidi wa Msumbiji hawakusema, wakapelekwa Milange, mkoa wa Zambezia, kwenye makambi ya msituni, wakakutana huko na wenzao wa Malawi. Fikiria hilo kidogo. Banda alikuwa mpinga ukomunisti wa kutupwa, na Samora Machel wa Frelimo alikuwa mfuasi wa Marx. Hawakukubaliana karibu jambo lolote chini ya jua, ila katika hili walifanana: mtu anayesema "mimi siko upande wowote" hawakumvumilia.

Kwetu Tanzania hatukufika huko, lakini tusijisifu sana. Shirika lao lilifutwa hapa miaka ya 1960, na halikuandikishwa tena hadi miaka ya 1980. Na baada ya hapo bado kulikuwa na wanafunzi zaidi ya mia moja wa Mbozi waliofukuzwa au kusimamishwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Walisimama kwa heshima, midomo imefungwa. Kosa lao ndilo hilo. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 majaji wakawapa haki. Nilipomwambia shangazi kwamba majaji wale wameteuliwa na Rais aliyechaguliwa kwa kura, hakutikisika. Paulo naye alikata rufani kwa Kaisari, akasema, na hakumpigia Kaisari kampeni.

Kuna na Rwanda, ambako sipendi kukaa sana kwa sababu kila Mkristo wa ukanda huu akiitaja anapaswa kuinamisha kichwa. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala, MRND. Mwaka 1994 watu walichinjwa makanisani, na baadhi ya viongozi wa dini walihusika. Mashahidi kama kundi hawakushika panga, na kuna Wahutu kati yao waliokufa kwa kuwaficha ndugu zao Watutsi. Walikuwa wamefundishwa tangu awali kutokuwa na upande, kwa hiyo redio ilipoita watu wa upande mmoja watoke, wao haikuwaita. Mtu akiniambia kujitenga na siasa ni woga, namtajia hilo kwanza.

Lakini kuna sehemu ya habari ya Malawi ambayo Mashahidi wanaoisimulia kwetu huwa wanaipita haraka. Marufuku ile iliondolewa vipi?

Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, katika parokia zote za Kikatoliki Malawi, ulisomwa waraka wa Kwaresima wa maaskofu. Kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka thelathini, watu walisikia hadharani yale waliyokuwa wakinong'ona jikoni: umaskini, rushwa, shule mbovu, watu kufungwa bila kesi, woga wa kusema. Makanisani watu walipiga makofi, wengine walilia. Maaskofu walishikiliwa na kuhojiwa na polisi. Monsinyori John Roche, Muairishi, alifukuzwa nchini. Viongozi wa chama walikaa kikao wakazungumzia kuwaua maaskofu, na kikao chenyewe kilirekodiwa, kikavuja. Wapresbiteri nao wakaingia, wanafunzi wakaandamana, wafadhili wakafunga mifuko. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakasema wanataka vyama vingi. Agosti ya mwaka huohuo marufuku ya Mashahidi ikafutwa. Mwaka uliofuata Banda akashindwa uchaguzi, akaondoka.

Kwa maneno mengine, watu waliokataa kura kwa gharama ya damu walifunguliwa na kura za wengine. Maaskofu walioingia kwenye siasa kwa miguu miwili ndio waliomrudisha Shahidi kijijini kwake, akajenge upya nyumba iliyochomwa. Sisemi hivi kumkebehi mtu. Nasema kwa sababu ndipo ninaposhindwa kukubaliana na shangazi: kule kujitenga kwake, kuliko safi hivyo, kunahitaji mahali fulani awepo Mkristo mwingine asiyejitenga.

Sasa fungu la pili. Hawa si Mashahidi. Hawa ni sisi. Ni walokole, Walutheri, Wamoraviani, Wapentekoste, wanaosema siasa ni mchezo mchafu na wao ni raia wa mbinguni. Ukiwauliza wanaamini nini kuhusu upanga wa dola, hawana habari. Ukiwauliza kama wataruhusu mtoto wao aingie jeshi, wanakuuliza nafasi zimetoka lini. Mgombea akija Jumapili na bahasha ya ujenzi wa kanisa, anaketishwa mbele, anapewa kipaza sauti cha "kuwasalimia wapendwa", na mchungaji anamwekea mikono. Siku ya kura yenyewe, raia wa mbinguni wamelala. Hicho siwezi kukiita kujitenga na siasa. Siasa wanayo nyumbani kwao. Wamekwepa tu kazi yake.

Wakenya angalau hili wameanza kulishika mkia. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, alikataza wanasiasa kuhutubia madhabahuni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha fedha ambazo Rais Ruto alizitoa kwenye parokia moja ya Soweto, Kayole. Kurudisha fedha kunauma. Ndiyo maana naamini walimaanisha. Kwetu bado sijaona bahasha ikirudi, labda nimekaa vibaya.

Nadhani uvivu huu una mizizi, na si yote ni ya kulaumu. Wamisionari wengi walitufundisha dini ya moyoni: omba, soma Neno, acha pombe, mengine muachie Bwana DC. Uamsho wa miaka ya 1930, uliotoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda hadi kwetu, uliongeza moto wa kutubu na kusubiri Bwana arudi. Lakini hata hao walokole wa kwanza walijua kulipa. Wakati wa Mau Mau, Wakikuyu wa uamsho walikataa kiapo cha wapiganaji na wakakataa pia bunduki za Waingereza, na kuna waliouawa kwa hilo. Wajukuu wao wa kiroho tumebaki na msemo, gharama imebaki kaburini.

Halafu ikaja serikali ya chama kimoja na kauli yake ya tusichanganye dini na siasa, ambayo imeingia damuni hadi mwenyekiti wa kwaya anaitoa bila kujua ameipata wapi. Ajabu ni kwamba Nyerere mwenyewe, Oktoba 1970, aliwaambia watawa wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisipojiunga na mapambano dhidi ya mifumo inayowafanya watu maskini, litakuwa halina maana kwa watu hao. Hilo la New York halikubandikwa kwenye ofisi za kata.

Na kuna hofu ya kweli. Kila kanisa lina cheti cha usajili, na cheti kinaweza kufutwa. Juni 2025 Kanisa la Ufufuo na Uzima lilifutiwa usajili baada ya kiongozi wake, Askofu Josephat Gwajima, kukemea utekaji wa watu. Wachungaji waliiona habari hiyo, na mahubiri ya majuma yaliyofuata, nilikosali mimi, yalihusu sana uvumilivu. Siwezi kumcheka mtu kwa kuogopa. Ila hofu tuiite hofu, tusiivishe joho la Yohana 18:36.

Oktoba 2025 iliyachanganya mafungu yangu yote. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na ghafla kutopiga kura kukawa kauli ya kisiasa kuliko kupiga. Kuna Wakristo niwajuao waliokaa nyumbani wakiwa wamepiga kura miaka yote, kwa sababu waliona kwenda ni kushiriki jambo wasiloliamini. Hao siwaweki fungu la pili. Wamekaribia la kwanza kwa mlango mwingine. Na shangazi, ambaye hajawahi kwenda kituoni maisha yake yote, alijikuta majirani wanamwangalia kwa jicho jipya, eti naye kumbe ni wa kule. Alisikitika kweli. Kwake hiyo ni tusi kuliko kuitwa mwoga.

Andiko ninalorudi kwalo nikitaka kuwasumbua watu wa fungu la pili si Warumi 13. Ni Waamuzi 9, hadithi ya Yothamu, miti ilipotaka mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu nao, una divai yake. Kila mmoja alikuwa na kazi njema na sababu nzuri. Mti wa miiba haukuwa na kazi, ukasema njooni mkae kivulini pangu, na la sivyo moto utoke kwangu uwateketeze. Niliisoma kwenye ibada ya vijana, na kijana mmoja wa kwaya, yule wa kutuma aya, akaniuliza kama ningetaka mzeituni uache kutoa mafuta. Swali zuri. Nilimjibu kwamba kati ya kuwa mfalme na kulala siku ya kura kuna nafasi kubwa sana. Kuna kamati ya shule, kuna mkutano wa mtaa wa kusomewa mapato na matumizi ambao hajawahi kuhudhuria hata mmoja. Akacheka, lakini hakuniahidi kitu.

Shangazi nilimpelekea ile hoja yangu ya Malawi. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na tarehe zake. Alinisikiliza hadi mwisho huku anakunja vitenge.

"Wana wa Israeli walitolewa Babeli na nani?" akaniuliza.

"Koreshi."

"Alikuwa Myahudi?"

"Hapana, shangazi."

"Basi. Yehova anajua kuwatumia hata wapiga kura."

Nikamwambia, haya, lakini kama kila mtu angekuwa kama ninyi, huyo Koreshi angetoka wapi?

"Kila mtu angekuwa kama sisi," akasema, "huyo Banda naye angetoka wapi?" Kisha akaniambia nimalizie chai yangu nimpishe, saa kumi ana mtu wa kumfundisha Biblia kule Ilomba.